Mzigo Uliofika, Ukafutwa, Dakika Ile Ile

Kazi yenyewe ilikuwa ya kudharauliwa: hali ya oda ikibadilika, programu imtumie mteja ujumbe. Hali zilikuwa sita. Nikasema hapa sina haja ya msururu wa if na else, ni swichi tu, yaani orodha ya kesi ambayo programu inaishuka mpaka ipate inayolingana na hali, nitamaliza kabla chai haijapoa.

Hali mbili zilikuwa na ujumbe mmoja. Oda ikifutwa, fedha zinarudi. Mzigo ukirudishwa, fedha zinarudi. Basi nikaandika vile vile ninavyosema kwa mdomo:

case "imefutwa" || "imerudishwa":

JavaScript ikanyamaza kimya. Hapo ndipo ningeshtuka, maana lugha hii ikikunyamazia ujue inakuchimbia. Ile alama ya "au" haiiambii swichi ilinganishe mara mbili. Inapigwa hesabu kwanza, yenyewe, na kwa kuwa neno la kushoto si tupu, linachukuliwa hilo na la kulia linatupwa. Kesi yangu ikabaki na "imefutwa" peke yake. "Imerudishwa" ikabisha hodi kesi zote, ikakosa pa kulala, ikaishia kwenye difolti, ile kesi ya mwisho inayopokea kila kisicholingana na nyingine. Na kwenye difolti, usiku wa majaribio, nilikuwa nimeandika kwa kujiamini: "Hii haiwezi kutokea. Ikitokea, kuna mpumbavu."

Wa kwanza kuupata alikuwa mzee mmoja aliyerudisha viatu. Akapiga simu, mpole kabisa.

"Kijana, nimerudisha viatu vinanibana. Mmenijibu kuna mpumbavu. Ni mimi au aliyevishona?"

"Ni mimi, mzee."

Ripoti ya hitilafu kumtaja mhusika moja kwa moja namna ile, sijaiona tena.

Mwenzangu mkongwe akanipa dawa. Unazipanga kesi mbili, moja juu ya nyingine, ya juu unaiacha tupu:

case "imefutwa":
case "imerudishwa":

Ya juu ikilingana, inateleza hadi ya chini na kufanya kazi iliyoandikwa pale. Ikafanya kazi. Angeniacha hapo ningekuwa mtu wa maana leo. Lakini nikauliza, mbona ile ya juu haina breki, lile neno break linaloizuia programu isiteleze hadi kesi inayofuata? Akasema haihitaji. Mimi nikasikia: breki hazihitajiki. Nikaipitia swichi nzima nikang'oa breki zote tano, faili ikapendeza, nikaipeleka hewani. Ijumaa jioni. Ndiyo, Ijumaa, nisemeni tu.

Hata ile difolti nilikuwa nimeitia adabu: "Hali ya oda haijulikani. Tafadhali wasiliana nasi."

Mteja aliyeagiza kitu usiku ule alipata ujumbe sita mfululizo. Oda yako imepokelewa. Imelipiwa. Imesafirishwa. Imefika, furahia. Samahani, fedha zako zitarudishwa. Hali ya oda haijulikani, tafadhali wasiliana nasi. Nao hawakuwa wakaidi, waliwasiliana.

Jumamosi mkongwe akavuta kiti, akaangalia skrini, akashusha pumzi. Kunituliza akanihadithia kampuni ya AT&T kule Marekani: tarehe 15 Januari 1990, mtandao wao wa simu za masafa marefu ulivurugika kwa saa 9 hivi, na chanzo kilikuwa break moja ya lugha ya C iliyokaa mahali pasipo pake. Moja tu. Waliotengeneza lugha ya Go, iliyotoka 2009, walijua watu kama mimi tupo: kwao kesi ikiisha imeisha, na hali mbili unazitenga kwa mkato, "imefutwa", "imerudishwa", ukalale. Nikajisikia nimo katika ukoo wa wakubwa.

Faraja hiyo ilidumu mpaka simu ilipolia.

"Kijana, ni mimi wa viatu. Jana niliagiza namba kubwa zaidi. Saa tatu na dakika kumi na mbili vimepokelewa, vimelipiwa, vimesafirishwa, vimefika na vimefutwa. Nimefungua mlango, hakuna kitu. Mwisho mmesema hali haijulikani, niwasiliane nanyi. Nimewasiliana."

"Samahani sana, mzee."

Akakaa kimya kidogo.

"Yule mliyemtaja mara ya kwanza, bado mnaye hapo?"