Airisi za Van Gogh: huzuni ya mchoraji au rangi iliyopauka?

Mei 1890, akijiandaa kuondoka katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh alichora picha mbili za maua ya airisi kwenye chombo. Moja, yenye usuli (rangi ya nyuma ya maua) wa njano, iko Amsterdam. Nyingine iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na usuli wake unakaribia weupe. Tarehe 29 Julai mwaka huohuo alifariki, na tangu hapo ni rahisi kuyaona maua hayo ya buluu kama kwaheri ya mtu mpweke.

Wanaosoma hivyo hawabahatishi tu. Van Gogh aliamini kweli kwamba rangi hubeba hisia, na picha ya Amsterdam ina fungu la maua lililoinama hadi mezani upande wa kulia.

Ila buluu yenyewe siyo aliyoipaka. Katika barua kwa mdogo wake Theo anataja airisi za zambarau. Alizipata kwa kuchanganya buluu na nyekundu ambayo haihimili mwanga: nyekundu ikififia, buluu hubaki peke yake. Usuli wa picha ya New York nao ulikuwa wa rangi ya waridi. Kisha, na hapa ndipo penye uzito, barua hiyohiyo inazipa picha hizi hali mbili tofauti: ya waridi iwe laini na yenye upatanifu, ya njano iwe ya mgongano, zambarau na njano zikikolezana kwa kupingana. Maua yaleyale, mwezi uleule. Mgonjwa anayemwaga huzuni yake hapangi kazi kwa namna hiyo.

Upande wa pili una hoja ya kujibu: mtazamaji huguswa na kilicho mbele yake, si kilichokuwapo 1890. Tena Van Gogh alijua. Mwaka 1888 alimwandikia Theo kwamba rangi za kisasa hazidumu, hivyo zipakwe kwa ukali kwa kuwa muda utazipoza. Sawa, lakini kupoza si kugeuza waridi kuwa nyeupe.

Kwa hiyo ubaridi unaouona katika picha ya New York ni halali kwako, usimbebeshe yeye. Ukitaka ushahidi wa hisia zake, tazama kisichotegemea ile nyekundu: umbo. Fungu lililoinama bado ni ushahidi, ingawa nalo lina kazi ya kuvunja ulinganifu wa shada.