Namba za wanafunzi mtoni zinastahili kusomwa

Wanafunzi wanapokwenda mtoni au ziwani na ndoo, kamba na vipande vya karatasi ya kupimia, wataalamu wengi wa maji huwapongeza kisha hawagusi hata namba moja kati ya zile walizoandika. Hoja yao ni kwamba hilo ni somo la sayansi, na takwimu ni kazi ya maabara. Wapo wachache wanaosema vipimo hivyo viingizwe kwenye kumbukumbu za taifa pamoja na vingine, vikiwekewa alama ya kuonyesha vimetoka wapi. Ofisini, kundi la kwanza ndilo lenye sauti. Naona limekosea mahali pa msingi, ingawa baadhi ya hoja zake ni nzito na nitazipa nafasi.

Iko takwimu moja ambayo sijaweza kuipita. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa taarifa kuhusu ubora wa maji duniani, kwa kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Mito, maziwa na maji ya ardhini yaliyoripotiwa yalizidi 75,000. Zaidi ya robo tatu ya hayo yalikuwa katika nchi 24 tajiri. Nchi 20 zilizo maskini kuliko zote ziliripoti kama 1,000 tu, zote kwa pamoja. Ukigawanya, unapata wastani wa maeneo 50 kwa kila nchi. Hamsini, kwa nchi nzima, ukihesabu mito yake yote, maziwa yake yote na maji yaliyo chini ya ardhi yake. UNEP ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 3 wako hatarini kwa sababu hali ya maji wanayoyategemea haijulikani vya kutosha.

Hebu tuitazame hiyo hamsini kwa karibu zaidi. Mtaalamu akiwa na gari moja na bajeti ndogo atapima pale anapofika kwa urahisi: penye daraja, karibu na barabara kuu, kwenye chanzo cha maji ya mji. Kijito kinachopita nyuma ya mashamba, kinachopokea mbolea na kinyesi cha mifugo kila mvua ikinyesha, hakimo kwenye orodha. Hata mto uliomo unaweza kupimwa mara moja au mbili kwa mwaka, na mto hubadilika kwa saa. Kwa hiyo anayesema vipimo vya wanafunzi havitoshi kulinganishwa na vya maabara anavilinganisha na kitu ambacho, kwa sehemu kubwa ya mito ya dunia, hakipo. Ulinganisho wa haki ni kati ya namba yenye kasoro inayojulikana na ukurasa mtupu.

Kiashiria hichohicho kinapima nini? Kwa maji ya juu ya ardhi, vitu vitano: oksijeni iliyoyeyuka, chumvichumvi, naitrojeni, fosforasi na kiwango cha asidi, yaani pH. Mto ukifikia malengo yaliyowekwa kwa asilimia 80 ya vipimo au zaidi, unahesabiwa kuwa na maji mazuri. Sasa angalia orodha hiyo kwa macho ya mwalimu. Chumvichumvi hupimwa kwa kifaa cha mkononi kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. pH hupimwa kwa karatasi au kwa kifaa kama hicho. Naitrojeni na fosforasi zina dawa zinazobadilisha rangi ya maji, na mwanafunzi analinganisha rangi hiyo na kadi. Oksijeni ina vifaa vyake vya rangi pia. Hakuna hata kimoja kinachomshinda mtoto wa miaka 13 aliyefundishwa vizuri. Utaratibu wa kiashiria chenyewe, katika ngazi yake ya pili, unaruhusu nchi kutumia takwimu zinazokusanywa na wananchi. Mlango umeachwa wazi kwenye karatasi, na ofisini unafungwa.

Tena vipo vipimo visivyohitaji dawa yoyote. Mwaka 1865 mwanasayansi Mwitaliano Angelo Secchi alizamisha sahani nyeupe katika bahari ya Mediterania, akaandika kina ambacho macho yaliacha kuiona. Kazi hiyo inafanyika hadi leo kwa karibu namna ileile: sahani, mara nyingi yenye robo nyeusi na nyeupe, inashushwa kwa kamba iliyotiwa alama, mmoja anaita inapopotea, mwingine anaandika, kisha inavutwa polepole hadi ionekane tena na wastani unachukuliwa. Ukiwa na rekodi ya miaka mitano ya ziwa moja, utaona mwani unavyoongezeka bila kuhitaji mashine yoyote.

Afrika Kusini wametengeneza njia inayoitwa miniSASS, inayosoma afya ya mto kwa wadudu na wanyama wadogo wanaoishi ndani yake, wakiwa wamegawanywa katika makundi 13. Mwanafunzi anainua jiwe, anakinga wavu chini yake, anamimina alichopata kwenye trei nyeupe na kuangalia. Akiona mabuu ya Plekoptera, wadudu wenye mikia miwili wanaong'ang'ania chini ya mawe na wasiovumilia maji machafu, kundi hilo linapewa alama 17. Minyoo na ruba, ambao huishi hata kwenye uchafu, wanapewa alama 2 kwa kila kundi. Wastani wa alama ndio unaosema hali ya mto. Uzuri wa njia hii ni kwamba viumbe hao wamekaa hapo kwa wiki na miezi. Kiwanda kikimwaga uchafu usiku wa Jumanne, chupa ya maji ya Ijumaa inaweza isione kitu, lakini mabuu watakuwa wamekufa au wamehama.

Nageukia upande wa pili, na nianze na hoja yake iliyo bora kuliko zote: saa. Wanafunzi hupima asubuhi jua likishapanda au mchana, muda wa masomo. Mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni jua likiwaka, na usiku viumbe vyote vinaitumia, hivyo oksijeni hufika chini kabisa karibu na alfajiri. Ziwa lililojaa mbolea linaweza kuonyesha oksijeni nyingi saa saba mchana na kuua samaki saa kumi na moja alfajiri. Kipimo cha shule kitasema ziwa ni zima. Zaidi ya hapo kuna likizo, ambazo zinaweza kuangukia msimu uleule wa mvua wakati uchafu mwingi unaposombwa kuingia mtoni. Vilevile kadi za rangi hutoa makundi tu. Huwezi kutofautisha kwa uhakika thamani zinazoangukia kati ya rangi mbili, na macho ya watu hayafanani.

Yote hayo ni kweli. Lakini ni makosa yanayoelemea upande unaojulikana, na kosa la namna hiyo linaweza kufanyiwa kazi. Ukipima saa ileile kila mara na kuandika halijoto ya maji, mwelekeo wa mwaka hadi mwaka unabaki na maana hata kama kila namba peke yake iko juu kidogo. Halijoto si pambo: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5, kwa hiyo namba ya oksijeni isiyo na halijoto pembeni haisemi mengi. Kuhusu macho, wanafunzi watatu wakisoma kadi ileile kila mmoja kivyake na wote wakaandika, tofauti yao ndiyo kipimo cha shaka. Maabara nyingi hurudia vipimo kwa sababu hiyohiyo.

Mahali ambapo sikubali hata kidogo kulegeza ni kwenye usalama wa kunywa. Karatasi za rangi hazioni bakteria wa kinyesi. Maji meupe, yenye oksijeni ya kutosha na pH nzuri, yanaweza kubeba kipindupindu. Shirika la Afya Duniani linataka E. koli, bakteria anayeashiria kinyesi, isionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, na kulijua hilo kunahitaji kukuza bakteria kwa saa nyingi katika joto maalumu. Basi kipimo cha shule kinaweza kushtaki maji. Hakiwezi kuyasafisha jina. Shule inayobandika ubaoni kwamba "maji yetu ni salama" imefanya kosa kubwa kuliko isingepima kabisa.

Usalama wa watoto wenyewe nao si jambo la kupita haraka. Palipo na kichocho, vimelea hutoka kwenye konokono mwangaza wa mchana, saa zilezile za masomo, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Hapo mtoto asiingie majini. Ndoo ishushwe kwa kamba kutoka darajani au ukingoni, na njia ya kuinua mawe iachwe, isipokuwa pakiwa na buti ndefu na glavu za uhakika. Baadhi ya vifaa vya oksijeni vina azidi ya sodiamu na asidi kali ya salfuriki. Hivyo vibaki mikononi mwa mwalimu.

Ipo pia hoja ya kisiasa, na naiheshimu: kupima maji ni wajibu wa serikali, na kuwapa watoto kazi hiyo bila malipo kunaipa kisingizio cha kupunguza bajeti ya maabara. Hatari hiyo ipo. Ila nikitazama yaliyotokea huko Michigan, Marekani, naona mambo yakienda kinyume. Mwaka 1984 wanafunzi wa sekondari katika mji wa Ann Arbor waliugua homa ya ini aina ya A baada ya kucheza kwenye maji ya mto Huron. Wakisaidiwa na William Stapp wa Chuo Kikuu cha Michigan, wanafunzi wakaanza kupima mto wao. Kazi hiyo ilizaa mtandao wa GREEN, uliopeleka upimaji wa mito kwenye shule za nchi nyingi. Watoto hawakuondoa wajibu wa mamlaka pale, waliufanya uonekane. Baadaye mpango wa GLOBE, uliozinduliwa Marekani mwaka 1995 na sasa una nchi zaidi ya 120, ukaweka taratibu za pamoja za kupima maji, na takwimu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Kwa hiyo swali la "je, watoto wanapima vizuri?" limepewa uzito usio wake. Kasoro kubwa iko upande wa anayepokea. Darasa linapima mwaka mzima, naitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, inapanda mwezi hadi mwezi, mwalimu anaandika barua, na barua haijibiwi. Wanafunzi wanajifunza kwamba ushahidi hausaidii, na somo hilo hawalisahau upesi.

Shule isianze kabla ya makubaliano ya maandishi na mamlaka ya maji ya eneo lake, na yasizidi ukurasa mmoja. Yataje sehemu gani zitapimwa, saa ngapi, kwa kifaa gani. Yataje ni namba zipi zikifikiwa mara mbili mfululizo zitamlazimu mtaalamu aje kuchukua sampuli yake mwenyewe, na ndani ya siku ngapi. Yaseme matokeo ya maabara yatarudishwa darasani hata kama yanapinga ya wanafunzi. Mamlaka inayodai kwamba vipimo vya watoto haviaminiki inaweza kuthibitisha hivyo kwa sampuli chache tu zilizochukuliwa sambamba nao, siku moja, mahali pamoja.