Dalali akiuliza, anapoteza nini?

Wapo madalali wanaosema tusiombe msaada ovyo, na wana hoja. Katika udalali wa Dar es Salaam, mtaji wetu ni habari. Kujua kwamba mpangaji fulani wa Kinyerezi anahama mwisho wa mwezi, au kwamba mzee fulani wa Goba anataka kuuza robo eka kabla shule hazijafunguliwa. Ukishamwambia mwenzako, habari hiyo si yako tena, na kesho mteja wako atapigiwa simu na mtu usiyemjua. Kwa hiyo dalali anayefunga mdomo simlaumu haraka. Mimi mwenyewe nimewahi kuzunguka na mteja juani siku tatu, halafu kodi ya mwezi mmoja, ambayo ndiyo ujira wetu kwenye nyumba ya kupanga, ikaenda kwa mtu aliyeokota namba yake katika kundi la WhatsApp.

Wanaosema dalali asiombe msaada ovyo wana hoja nyingine, na hii inamgusa mteja moja kwa moja. Sina nyumba anayoitaka, namuuliza mwenzangu wa Tabata, naye anamuuliza wa Segerea, naye ana mtu wake Kinyerezi. Kwenye kupanga tutagawana ile kodi ya mwezi mmoja mpaka ibaki nauli. Kwenye kuuza, kila anayepitiwa anaweka cha juu. Kiwanja ambacho mwenyewe anataka milioni 15 kinaweza kumfikia mnunuzi kwa milioni 19, na zile nne za katikati zimelipia simu zetu za kuulizana. Hilo ni kosa, na nimelishiriki.

Lakini huo ni msaada wa kutafuta. Msaada wa kuelewa ni jambo jingine kabisa, na huo tunauogopa bila sababu ya maana.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kiwanja cha marehemu nikiuze. Mtoto mkubwa wa kiume alikuja na muhtasari wa kikao cha familia, baba wadogo na shangazi wamesaini, mhuri wa serikali ya mtaa uko chini. Mimi niliona karatasi imekamilika. Nilikuwa na namba ya wakili, tunakaa mtaa mmoja, ila niliona aibu kumpigia kwa sababu mnunuzi alikuwa ameshanitambulisha kwa ndugu zake kuwa mtaalamu wa ardhi. Nisilolijua ni kwamba muhtasari ule hupendekeza tu jina la msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Yule kijana hakuwa ameteuliwa, hivyo hakuwa na mamlaka ya kuuza hata mti mmoja wa pale. Dada yake, ambaye hakuitwa kikaoni, alijitokeza mnunuzi akiwa ameshamwaga mawe na mchanga. Fedha zilirudi kidogokidogo, nyingine hazikurudi kabisa. Kamisheni yangu niliitoa yote, nayo haikufika hata robo ya hasara ya yule mnunuzi.

Wakili angenijibu kwa dakika tano.

Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba dalali mmoja anaweza kubeba mambo yote ya ardhi kichwani. Kuna Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, na shamba la pembezoni mwa jiji linaweza kukuchanganya liko chini ya ipi. Kuna hati za miaka 33, 66 na 99, kisha kuna leseni ya makazi, kibali cha muda tu cha kukaa kwenye eneo lisilopangwa, ambayo wauzaji wengine huiita hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Mipaka ni kazi ya mpima, bei ni kazi ya mthamini, na kama kiwanja kina zuio, yaani kuna anayezuia kisiuzwe, utalijua kwa kufanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu zake ofisi ya ardhi, si kwa kumtazama muuzaji usoni.

Nakubali kwamba kuuliza kuna gharama. Upekuzi unalipiwa, wakili analipwa, na muuzaji mwenye shida ya haraka hasubiri. Hata hao tunaowauliza si wote wa kutegemewa. Wapo mawakili wanaogonga mhuri bila kusoma, na wapo viongozi wa mtaa wanaotaka asilimia 10 ya bei ndipo washuhudie mauziano. Wateja nao wapo wanaosikia "hili silijui, ngoja nimuulize mpima" wakaondoka kumtafuta dalali mwenye majibu. Hao nimewapoteza, na wengine walikuwa na fedha nzuri.

Hata hivyo hasara hizo zinaniangukia mimi. Nisipouliza, inamwangukia aliyeuza ng'ombe wa familia, au aliyetuma akiba yake kutoka Muscat kwa kuniamini kwenye simu. Siwezi kusema hasara hizo mbili zina uzito sawa. Siri ya nyumba ilipo nitaendelea kuitunza, na mwenzangu nitamtajia mtaa baada ya kuandikiana mgawo kwenye simu, utoke katika fungu langu bila kuongeza bei. Nisilolijua kuhusu hati sina haki ya kulifanya siri.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeanza kazi hii alinipigia kuhusu nyumba ya Mbezi. Mume anauza, mke yuko Tanga, na kila akiomba namba ya mke anaambiwa hapatikani. Nilimwambia asipokee hata malipo ya awali mpaka mama azungumze mwenyewe. Alisubiri. Siku ya nne muuzaji akampa dalali mwingine, akaleta mnunuzi wake, nyumba ikauzwa. Kijana alikuja kwangu amenyong'onyea, kodi ya chumba chake imeisha na mkononi hana kitu. Nilimuuliza kama mnunuzi wake bado anatafuta. Akasema ndiyo. Kesho asubuhi tunampeleka kuona nyumba nyingine Kibamba, mgawo nusu kwa nusu, na upekuzi nimeshaulipia mimi.