Shetani wa Ugenini Ndiye Mtamu

Kampala filamu ya kutisha inaangaliwa kwa kelele. Kwetu Tanga tuliziangalia tumejikunyata, shuka limevutwa hadi puani, na ikiisha hakuna anayetaka kwenda msalani peke yake.

Hapa Nateete ninapoishi, kibanda cha filamu hujaa kuanzia jioni. Mabenchi ya mbao, joto la mabati, mtoto anapita na ndoo ya kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga, na juu ya yote sauti ya VJ, yule anayetafsiri filamu kwa Kiganda. Akina VJ Jingo wamepata jina kubwa kwa kazi hiyo. Bongo nasi tunao tangu enzi za Lufufu kwenye mabanda umiza, kwa hiyo kutafsiriwa si kugeni kwangu. Kilichonishangaza ni kicheko. Msichana wa Kizungu anashuka chini ya nyumba na mshumaa, mlango unajifunga wenyewe, VJ anauliza: anatafuta nini huko usiku, kwao umeme umekatwa? Benchi zima: "Banange!" Mara kitu kinamrukia, tunapiga ukelele wote, jirani nisiyemjua kaning'ang'ania mkono, halafu kicheko tena.

Usidhani ni ujasiri. Jioni moja iliwekwa filamu ya hapahapa yenye basezi, wale watu wanaosemekana kucheza usiku na kufukua maiti ili wawale. Utani ukaisha. Mzee mmoja akasonya, akachukua kofia yake, akaondoka. Mimi ninayebahatisha nusu ya maneno ndiye niliyekuwa nafaidi: mwili ulinisisimka, lakini kwa raha. Basezi si wangu. Sikulelewa kwa kutishiwa nao, wala sina shangazi aliyewahi kumnong'ona jirani kwamba ni mmoja wao.

Sasa niwekee jini wa Kitanga, mwanamke mrembo kasimama njiani saa nane za usiku, ukitazama chini unaona kwato. Hiyo siimalizi. Rafiki yangu Mganda nilimpa simu aiangalie moja ya namna hiyo, akacheka mpaka akapaliwa. "Ssebo, huyu ni mbuzi kavaa gauni!" Lakini simu hakuirudisha mpaka filamu ilipoisha, na sehemu mbili nilimwona akishtuka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliwapitisha watu 110 kwenye jumba la kutishia wakiwa wamefungwa vipima mapigo ya moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: aliyeogopa kidogo mno hakufurahi sana, aliyeogopa kupita kiasi naye vilevile, na raha kubwa ilikuwa katikati. Hawakuuliza shetani alikuwa wa nani. Mimi ningeanza na swali hilo, maana Nateete ndilo linaloamua nani abaki kwenye benchi na nani achukue kofia.

Hofu unayoiamini hailipiwi kiingilio. Mwaka 1995 Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, alipovuma Pemba, kisha Unguja, mpaka Dar, watu walilala nje kwa makundi wakikesha pamoja. Hakuna aliyeita hiyo burudani, ingawa walikuwa wengi na walikuwa pamoja, kama sisi kibandani. Tofauti ni kwamba sisi mlango tunauona, na tunajua umeme ukikatika shetani naye kakatika.

Ndiyo maana nawashangaa watengenezaji wetu wa filamu wanaolia soko dogo. Majini mnawauzia Watanga na Wapemba, watu wanaosoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala! Pandisheni mzigo basi la Mutukula, mpakani, mleteni yule mwenye kwato hapa Nateete, apewe VJ mwenye mdomo. Na basezi wapelekeni Tanga. Mama yangu ataziangalia zote mpaka alfajiri, na atacheka.