Mwacheni Uza, Tuulizane Habari za Gari

Mahubiri ya Uza, yule aliyekufa kwa kulishika sanduku la agano la Mungu mfalme Daudi alipokuwa akilipeleka Yerusalemu, hayabadiliki. Mhubiri ananyoosha mkono, anaonyesha jamaa alivyolishika sanduku, anapiga mimbari kishindo, watu wanashtuka: "Usiguse kitakatifu!" Amina, sadaka, nyumbani. Na asiyeamini ana lake: Mungu gani huyu anamuua mtu aliyetaka kusaidia? Wote wawili macho yao yako kwenye mkono. Gari la ng'ombe lililolibeba sanduku hawalioni.

Rudini 2 Samweli 6, mstari wa 3. Sanduku linapakiwa kwenye gari jipya. Jipya! Kana kwamba shida ingekuwa mbao kuukuu. Wazo lenyewe ni la Wafilisti, walioliteka sanduku kisha wakalirudisha: makuhani na waaguzi wao ndio waliosema litengenezwe gari jipya, wafungwe ng'ombe wawili wanyonyeshao. Wafilisti hawakuwa na torati, na gari lao lilifika Beth-shemeshi, mji wa Israeli, bila ajali. Daudi alikuwa nayo. Kumbukumbu la Torati 17 inamtaka mfalme ajiandikie nakala na kuisoma siku zote za maisha yake.

Angeisoma, angekutana na Hesabu 7. Hema la kukutania lilitolewa magari 6 na ng'ombe 12, yakagawiwa koo za Walawi waliolibeba. Wagershoni wakapewa magari 2 na ng'ombe 4. Wamerari, wenye mbao na nguzo, magari 4 na ng'ombe 8. Wakohathi hawakupata hata moja, maana mzigo wao, sanduku likiwemo, ulikuwa wa mabegani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba torati ilisahau magari. Iliyakumbuka, ikayagawa, na sanduku ikalinyima kwa makusudi.

Sanduku lenyewe liliundwa hivyo. Urefu dhiraa 2 na nusu, upana na kimo dhiraa moja na nusu, yaani kama sentimita 110 kwa 67 kwa 67. Pete 4 za dhahabu miguuni, miti miwili ya mshita ya kubebea imepitishwa humo, na amri juu yake: isitolewe kamwe. Ukinyanyua mti, huna haja ya kuligusa sanduku, si wakati wa kuondoka wala wa kutua. Mmoja akijikwaa, wenzake wanakaza mti. Tena makuhani wanakuwa wamekwisha kulifunika kwa pazia la sitara, kisha ngozi, kisha nguo ya samawi. Mbebaji halioni hata kidogo. Juu ya gari je? Ng'ombe wakikunguwaa kwenye uwanja wa kupuria wa Nakoni, cha kudaka ni sanduku lenyewe. Mkono wa Uza uliandaliwa siku gari lile lilipochongwa.

Haya, nakubali shingo upande: aliyeagiza msafara ni mfalme, aliyekufa ni Uza, na kati ya wateule 30,000 wa Israeli waliofuatana na mfalme hatusomi kwamba hata mmoja aliuliza iko wapi miti. Linauma. Daudi mwenyewe alikasirika, kisha akaogopa, na andiko halimkemei kwa hasira ile.

Miezi mitatu sanduku likakaa kwa Obed-edomu. Ndipo, katika 1 Nyakati 15, Daudi anawaambia Walawi kwamba *hatukumtafuta* Mungu kama ilivyoagizwa. Sisi, si Uza. Safari hii miti ikapanda mabegani. Wakaenda hatua sita, wakasimama, Daudi akachinja ng'ombe na kinono.