Picha moja au safari nzima? Meli ya madini ndani ya mto Cuyahoga

Mtu anayetaka kuipiga picha meli ya madini ikipanda mto Cuyahoga, mjini Cleveland, Marekani, lazima aamue mapema: achague pahali pamoja aisubiri, au aifuate kutoka mdomoni mwa mto, kwenye Ziwa Erie, hadi kiwanda cha chuma kilicho karibu kilomita 9 ndani. Wengine huona ni suala la miguu na muda tu. Mimi naona ni zito zaidi, maana mto huu una historia yake na picha moja.

Wanaosubiri wana hoja ya kweli. Kwenye kona iitwayo Collision Bend, meli ya mita 190 hivi hugeuzwa taratibu, kama watu wanaopitisha kitanda kwenye ujia mwembamba. Omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inasogea karibu na ukuta wa ukingo, na baharia aliyesimama mbele na redio mkononi anamtajia nahodha umbali uliobaki. Maji yanafoka ubavuni, pale rafadha ndogo ya mbele inapoisukuma meli upande. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, bado haijaonekana, imefichwa na jengo. Lenzi ndefu hapo huvuta daraja, maghala na meli vikakaribiana, na mtazamaji anahisi ufinyu wa mto bila kuelezwa. Picha kumi za kufuatilia zinaweza kumchosha kabla hajafika huko.

Isitoshe, uzuri una kazi yake. Mpiga picha Mmarekani Margaret Bourke-White alipokipiga picha kiwanda cha Otis Steel mjini humohumo mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu za wakati ule hazikushika vizuri wekundu wa chuma kilichoyeyuka, ikabidi iwashwe miali ya magnesi kumulika ndani. Alihangaika hivyo kwa sababu aliamini tanuru linastahili kutazamwa kwa makini. Nakubaliana naye.

Lakini lenzi ndefu ile inayoonyesha ufinyu inafuta umbali, na picha moja inafuta wakati. Tarehe 22 Juni 1969 mafuta na taka juu ya maji ya Cuyahoga yalishika moto. Ulizimwa kwa takriban nusu saa, na hakuna picha inayojulikana ya ndimi zake. Mwezi Agosti mwaka huohuo jarida la Time liliandika habari za mto huo na kuweka picha ya moto mkubwa zaidi, uliotokea mwaka 1952. Watu wengi walioiona waliamini wanatazama tukio la majuzi.

Atakayeitetea picha ile atasema ilisaidia: hasira juu ya mito michafu ilipanda, na mwaka 1972 Marekani ikapata sheria ya maji safi. Siwezi kuipuuza hoja hiyo, kwani mto ulihitaji kuonewa uchungu. Hata hivyo picha ile iliruka miaka 17, na ndani ya miaka hiyo ndimo yalimokuwa maswali makubwa: nani alimwaga nini, nani alijua, kwa nini mto uliwaka tena. Na meli leo ikipigwa picha moja tu jua likizama nyuma ya moshi, anayeitazama hataweza kujua kama mto umepona au bado unaumwa.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa wanaofuata, ingawa wanapoteza mengi. Wakikimbilia daraja la mbele, mara nyingi mwanga mzuri wanauacha nyuma. Meli huenda mwendo wa mtu anayetembea, lakini barabara hazifuati mto. Anayesubiri naye asidharauliwe, mradi aandike chini ya picha yake siku, mwaka na mahali.

Kinachoniamulia ni mwisho wa safari. Kona inaonyesha jinsi meli inavyopita, haisemi kwa nini ijibane humo. Jibu liko kiwandani: mkono mrefu wa kupakulia unazungushwa kutoka sitahani, ukanda unaanza kuzunguka, na vidonge vya madini kutoka migodi ya upande wa Ziwa Superior, vidogo kama gololi, vinamiminika hadi kuwa kilima chenye rangi ya kutu kando ya maji.