Kuzeeka nyuma ya funguo

Nikipiga simu Katuba, mtaa wa kwetu Lubumbashi, Kongo, mdogo wangu haachi kuniambia: "Yaya, huko kwenu wazee wenye ugonjwa wa akili wanatunzwa." Wanatunzwa, ndiyo. Dawa ipo, kitanda kipo, chakula hakichelewi. Lakini aje aone.

Ninahudumia wagonjwa Ubelgiji, katika wodi inayofungwa kwa funguo. Walio ndani walitenda makosa wakiwa wamechanganyikiwa, na hakimu akawaweka chini ya matibabu bila tarehe ya kutoka. Ndiyo maana kuna walioingia vijana, sasa vichwa vyeupe. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa kumwogopa kijana mwenye nguvu. Viti ni vizito na vifupi, mtu asivirushe. Bafuni hakuna chuma cha kushika, mtu asijinyonge. Mzee wa miaka 71 akikaa humo, kuinuka ni kazi. Dawa za miaka mingi zimemwachia mikono inayotetemeka na ugonjwa wa sukari. Masikio nayo yamechoka, ukimwita mara tatu kimya, mfanyakazi mgeni anaandika kwenye faili: "Amekataa kushirikiana." Mazoezi ni mpira na kunyanyua vyuma! Na siku hakimu akikubali atoke, nyumba za wazee zinasoma faili lilelile, ghafla nafasi zimejaa.

Kwetu sipasifii. Lubumbashi tuna kituo cha wagonjwa wa akili cha Frères de la Charité, watawa wa Kikatoliki, chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Gent, mji huuhuu ninaopanda tramu yake kila asubuhi. Wanafanya kazi kubwa. Ila mzee aliyemuua mtu akiwa amechanganyikiwa, mara nyingi njia yake ni gereza, na gerezani anashiba akiwa na ndugu wa kumpelekea bukari, yaani ugali. Asiye na ndugu, tunajua.

Hata hivyo, kwetu hata mlinzi angemwita mzee huyo papa, yaani baba. Mimi nilimwita hivyo yule mzee wangu wa miaka 71; mkubwa wa kazi akanionya nisizoeane na wagonjwa. Sawa. Nikaomba kiti kirefu chenye mikono. Kiti tu! Watu wa usalama walikipima, wakaandikiana, wakakutana, wiki sita zikapita. Wanaotaka kujenga nyumba kama hii kwetu waanzie kwenye kiti hicho, ukuta baadaye.

Kilifika Jumanne. Sasa anainuka mwenyewe, anakwenda dirishani, anarudi.